Inchi Mbili za Mbele

Gerezani, 6 Agosti

Babu Orrin,

Shikamoo. Salamu zangu ni nyingi, ugawe vizuri: za kawaida kwa ng'ombe na mbwa, na zile tamu zote umpe mke wangu Verna. Mwambie mumewe mdogo yuko hai na meno yote anayo. Wewe nimekuazima tu, usije ukajisahau.

Mimi sijambo. Joto limetukaba, na Ruiz, ninayekaa naye chumba kimoja, anakoroma kama lile trekta lako. Mama aliniletea kadi kutoka Arizona, maneno manne. Nimefurahi hata hivyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bodi ya parole itanisikiliza Oktoba. Nimekaa miaka mitatu bila kosa, na yule jamaa niliyempiga nje ya dansi amewaandikia kwamba hana kinyongo nami, ingawa jicho lililopotea ni lake. Wakikubali, natoka Novemba, Ijumaa ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani.

Naomba kitu kimoja tu. Pikapu yangu, unajua ilivyo: nyuma imeinuka, mbele imeinama. Tangu nilipoinunua nilitaka kuinyanyua pua ikae sawa na mkia, nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao, halafu likatokea lililotokea. Kuna vyuma maalumu vya kuwekea mbele. Inchi mbili zinatosha. Nakuomba univalishie kabla sijarudi.

Najua utasema ni upuuzi wa vijana. Lakini babu, humu ndani hakuna ninachokipanga mimi. Wananipangia kulala, kula, hata kuoga. Hilo gari ndilo kitu pekee ninachokipanga kichwani, na kila nikifumba macho naliona limesimama uani kwetu, limenyooka. Nisaidie.

Mjukuu wako na mume mwenzako,
Colton


Harlow, Nebraska, 27 Agosti

Mume mwenzangu mwizi,

Marahaba. Salamu zako nimezigawa. Mbwa amefurahi, ng'ombe hawajajibu. Mke unayemdai yupo, amekonda kidogo, anasema ni joto. Nyasi tumekata mara mbili mwaka huu na marobota yamejaa ghalani, kwa hiyo usiwasikie watu wakisema babu yako mzee Haskamp kazeeka.

Kuhusu gari lako: hapana.

Nieleze kwa nini, maana naona jela haifundishi. Gari la mizigo linatoka kiwandani limeinama mbele kwa makusudi. Ukipakia robota la nyasi nyuma, mkia unashuka, gari linakaa sawa. Wewe unataka likae sawa likiwa tupu, ili likipakiwa liangalie mbinguni. Hilo ni gari la kupiga picha. Sisi ni watu wa ng'ombe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika, nikamsomea bibi yako ili anipongeze. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Orrin, mtoto hajaomba kitu miaka mitatu. Hajaomba hata soksi. Kesho nenda kwa Lowell." Basi kesho yake nikaenda kwa Lowell, kwenye duka la spea.

Lowell anavyo vya namna tatu. Kuna kipande cha chuma kinachokaa juu ya shokapu, springi yako ile ile inabaki. Kuna kingine kinachoibana springi yenyewe. Hicho anasema kitakuchapa makalio kwenye kila shimo. Halafu kuna shokapu mpya nzima, ndefu, ambazo kwa bei yake ningenunua ndama. Pia anaweza kukupandisha hata inchi tatu, ila ukipita mbili na nusu boljointi na eksheli za mbele zinakaa kombo na utazibadilisha kila mwaka. Chagua, uniambie. Mimi simo, natekeleza tu amri ya mkeo.

Gari lako tunalitumia siku hizi, usikasirike. Lile letu dogo halina nguvu kwa safari za mjini North Platte.

Babu yako,
Orrin


Gerezani, 10 Septemba

Babu,

Shikamoo tena na tena. Nimecheka mpaka Ruiz akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mbusu Verna kwa niaba yangu, kwenye shavu tu, mimi nitamalizia.

Chagua kile cha kwanza, kinachokaa juu ya shokapu. Inchi mbili, usimsikilize Lowell akitaka kukuuzia zaidi. Nataka gari litembee kama lilivyokuwa likitembea, ila lisimame vizuri.

Sasa sikiliza, maana wewe ni mbishi na mimi siko hapo kukushika mkono. Likishanyanyuka, lishikilie kwenye chesisi kwa stendi za chuma, usiamini jeki. Juu ya shokapu utakuta nati tatu za pembeni na moja kubwa katikati. Zile tatu fungua. Ile ya katikati usiiguse, babu. Hiyo ndiyo iliyoikamata springi, ukiifungua itaruka na kichwa chako. Ukimaliza, lipeleke wakanyooshe magurudumu, na taa uzishushe, maana pua ikipanda taa nazo zinapanda.

Halafu hizo safari za North Platte ni za nini? Zamani ukiambiwa uende North Platte ulikuwa unaumwa tumbo.

Colton


Harlow, 30 Septemba

Colton,

Hatujambo. Baridi imeanza kunusa mlangoni. Mbwa kang'atwa na nungunungu, au niseme kamng'ata nungunungu, maana miiba yote iko mdomoni kwake na nungunungu kaenda zake.

Kazi yako imekwisha. Nilidhani ni ya asubuhi moja, ikala siku mbili. Bibi yako aliletewa kiti bandani, akakaa na blanketi miguuni, akawa ananisomea yale maelekezo kwa sauti kana kwamba ni Zaburi. Nikiruka hatua ananirudisha. Nilipoishika ile nati ya katikati, nishike tu nijue ilivyo, alipiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Mtoto kasema usiiguse!" Nikasema sikuwa na nia. Akasema nia yangu anaijua tangu harusi.

Upande wa kulia ulitoka kwa hiari. Wa kushoto bolti ya chini ilishikwa na kutu, nikaipasha moto, nikaitukana, mwishowe nikampigia simu Lowell aje. Tulipoliteremsha chini, bibi yako akaniomba nimsogeze kiti nje alione vizuri kwa ubavu. Akalitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe mtoto alikuwa na haki. Linapendeza." Kati yangu na wewe, linapendeza.

Kosa langu ni moja. Taa nilisahau. Jioni nikapakia robota nyuma, nikashika barabara, na kila gari ninalokutana nalo linaniwashia taa. Nikafikiri wananisalimia. Nikawa nainua kidole kwenye usukani, nao wanazidi kuwasha. Kufika kwa jirani yetu Schaffert, mama mwenye nyumba katoka na mkono usoni: "Orrin, unatupofusha wilaya nzima!" Nimezishusha.

Chakula tunacho kingi. Mama Schaffert kaleta viazi vya kuokwa na jibini, wale wa kanisa la Kilutheri wameleta paja zima la nguruwe, na kwenye friji kuna bakuli tatu ambazo hata sijui ni za nani mpaka nigeuze nisome chini. Usiwe na wasiwasi na sisi.

Babu


Gerezani, 8 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Asante kwa gari. Naandika asante kwanza kwa sababu nimelelewa na Verna.

Sasa nijibu. Mimi nimekulia Harlow. Hakuna mtu Harlow anayepeleka paja la nguruwe kwenye nyumba isiyo na msiba au mgonjwa. Hakuna mtu anayebandika selotepu yenye jina chini ya bakuli lake kama hajui kwamba jikoni kwa watu hao kumejaa bakuli za wengine. Mimi mwenyewe nilimsaidia bibi kubandika yale majina, kila alipokuwa akipika kwa ajili ya watu.

Blanketi miguuni, Septemba. North Platte. Amekonda kidogo.

Nilikuuliza ukaniambia habari za nungunungu. Usinifiche babu, nitapasuka. Bibi ana nini?

Colton


Harlow, 14 Oktoba

Mwanangu Colton,

Sikuandika kwa sababu yeye alinikataza. Alisema utakosa usingizi na utapigana na mtu, na bodi itakunyima. Leo nimemwonyesha barua yako. Akasema, "Selotepu ndiyo imetuumbua," akacheka, halafu akasema nikuandikie kweli yote.

Ni saratani ya kongosho. Tuliambiwa Julai. Zile safari ni za kutiwa dawa, na dawa yenyewe daktari alisema waziwazi ni ya kumpa muda, si ya kumponya. Nilimuuliza muda gani. Akasema tukiiona Krismasi tumshukuru Mungu.

Kuna jingine nalo nikwambie, ulijue kutoka kwangu. Tangu nilipoliinua gari hawezi kulipanda. Inchi mbili kwako na kwangu si kitu, lakini kwa miguu yake zimekuwa ukuta. Safari ya kwanza alijivuta kwa ubishi. Ya pili goti likagoma, akabaki ameshika mlango, na mama Schaffert anatazama. Nilitengeneza kigoda, akakataa, akasema yeye si ndama wa mnadani. Basi nikachukua spana niende kuvitoa vile vyuma. Akasimama mbele ya gari. "Ukiligusa nalala hapa hapa chini. Colton atalikuta lilivyo."

Sasa nambeba. Namwinua kama nilivyomwinua siku ya harusi, namweka kwenye kiti, namfunga mkanda. Mara ya kwanza alificha uso kwa aibu. Siku hizi ananipulizia sikioni kwa makusudi ili nicheke nimwangushe. Kila safari amekuwa mwepesi kuliko iliyopita, Colton. Mikono yangu ndiyo inayonipa habari kabla ya daktari.

Usijilaumu. Nakuona kutoka huku ukijilaumu. Bila wewe angejipandia mwenyewe, mimi nimesimama pembeni nimeshika mlango. Tumeoana miaka hamsini na nilikuwa nimesahau jinsi shingo yake inavyonukia.

Kitu kimoja tu anachokitaka: akuone. Anahesabia Ijumaa yako. Akishindwa kumeza anasema, "Nimeze, Colton anakuja." Mwenyezi Mungu akulinde mbele ya wale watu wa bodi. Tuandikie mara tu ukijua.

Babu yako


Gerezani, 2 Novemba

Babu na bibi wapendwa,

Shikamooni. Nisameheni kwa kuchelewa, karatasi zilikuwa shida.

Mambo yamekwenda sawa. Mwambie Verna awe anakula. Mwambie nimeweka nadhiri ya kuendesha mwenyewe na yeye akae katikati, wewe ukae dirishani na mbwa. Pai ya maboga msiisahau.

Sina la zaidi leo. Ruiz anawasalimu.

Bibi, nakupenda. Kula.

Colton


Harlow, 19 Desemba

Mjukuu wangu,

Nashukuru mchungaji wa hapo gerezani alikufikia haraka. Aliniambia ulimuuliza kama kulikuwa na theluji. Ilikuwepo, si nyingi. Alikufa asubuhi, nikiwa jikoni namchemshia kahawa ambayo alikuwa hawezi tena kuinywa, ila alipenda harufu yake. Nilirudi na kikombe. Basi.

Watu walijaa kanisani. Wachungaji wawili, nyimbo alizozitaka, na bakuli za vyakula hadi kwenye ngazi. Nimeanza kuzirudisha kwa wenyewe. Jeneza tulilibeba kwenye gari lako, kwa sababu alikwisha kusema hivyo na sikuwa na nguvu za kubishana na maiti. Watu sita tulimpandisha. Nilitaka nimpandishe peke yangu, wakanizuia.

Sasa lipo jambo ambalo sikumwambia mchungaji.

Ijumaa ile tulikuja.

Alitaka kukushtua. Daktari alikataa, nami nilikataa, na unajua sisi wawili huwa tunashindwa na nani. Nilimpaka rangi ya midomo mwenyewe, nikaipaka vibaya, akajitazama kwenye kioo akasema atakwenda hivyo hivyo. Alivaa koti la buluu. Pai aliipika mama Schaffert, yeye akaipakata njia nzima. Tulitoka giza, tukafika getini kabla ya chakula cha mchana. Nilimwacha garini na hita imewashwa, nikaenda dirishani kwa askari. Kijana mpole. Akatafuta jina lako, akatafuta tena, akasema, "Mzee, huyu hatoki leo. Bodi walimkatalia mwezi uliopita."

Nikarudi garini, nikakaa, nikashika usukani. Bibi yako akasema, "Wamemkatalia, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Lini?"

"Oktoba."

Kisha akasema, "Basi alijua alipoandika." Nikadhani sasa atalia. Akasema, "Kanidanganya vizuri, mtoto huyu. Wiki tatu nimekula na nimelala kwa ajili ya barua ile." Akaipapasa pai mapajani kama mtu anayembembeleza paka.

Siku ile haikuwa ya kutembelea wafungwa. Nilimwomba askari, akasikitika, akasema hana uwezo. Bibi yako akasema, "Basi nizungushe." Nikapita polepole kile kibarabara cha nyuma, kando ya uzio, mahali unapoonekana uwanja wenu. Palikuwa na watu wengi nje, wote mmevaa sare moja, na macho yetu ni ya wazee. Akashusha kioo na baridi ile yote. Akawapungia mkono wote. Nilimwambia utashikwa na mafua, Verna. Akasema, "Mmoja wao huenda ni yeye." Alipunga mpaka tukakata kona, halafu mkono ukashindwa kurudi ndani, nikasimamisha gari, nikauinua nikauingiza mwenyewe.

Aliniapisha nisikwambie kwamba tulikuja. Alisema nikuache uamini kwamba uongo wako ulifanya kazi, maana ulifanya kazi. Nimeshindwa kutunza kiapo. Nyumba hii ni kubwa sana, na sina mwingine wa kumsimulia.

Sikulaumu kwa lolote. Bodi watakuita tena mwakani. Mimi nipo.

Babu yako


Gerezani, 27 Desemba

Babu,

Shikamoo. Barua yako niliipata jana, nimeisoma na Ruiz ameisoma, nami nimeisoma tena. Sijapigana na mtu.

Nilikudanganya kwa sababu uliandika kwamba anameza kwa ajili ya Ijumaa yangu. Nikaona nikiiondoa Ijumaa, nimemwondolea chakula. Hilo nadhani yeye alilielewa. Sikufikiri kwamba angeweza kusafiri. Sikufikiri kabisa.

Sasa nikwambie na mimi, halafu usilizungumze tena mpaka nirudi.

Nilikuwa uwanjani. Theluji ilikuwa ndiyo inaanza, tumesimama ukutani kukwepa upepo. Ikapita pikapu ya rangi ya damu ya mzee kama yangu kando ya uzio, polepole sana. Nikamshika Ruiz bega, nikamwambia, "Hebu lione lile. Tazama lilivyokaa sawa. Langu liko hivyo hivyo, babu yangu kalivalisha." Ruiz akasema, "Huyo bibi anampungia nani?" Wenzangu wakacheka, wakaanza kumpungia mikono, mmoja akampigia mluzi. Ruiz naye akapunga.

Mimi sikumtazama, babu. Nilikuwa nimeinama natazama magurudumu ya mbele.

Colton